Kicheko cha Kwanza Kilikuwa Chako

Mama, leo umetimia mwaka mmoja tangu ututoke, na bado tukifikisha utani jukwaani tunatega sikio kwenye viti vya nyuma.

Watu walimjua Baba kwa suruali yake pana, na sisi wanawe kwa kuanguka ovyo. Wewe hawakukujua. Uliingia ukumbini kama mtazamaji, ukaketi viti vya nyuma, mkoba mapajani, na utani ulipofika mahali pake ukaangua kicheko. Ukumbi mzima ulikufuata. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yako katika kikundi chetu cha vichekesho. Mwigizaji mgeni akisahau maneno, ulizusha kikohozi mpaka ayakumbuke.

Nyumbani hukuwa mwepesi hivyo. Tulifanyia mazoezi jikoni, nawe ukimenya vitunguu, uso mkavu. "Huo hauchekeshi, baba. Rudia," ulimwambia kaka. Ukiridhika, ulitua kisu. Tulikitazama kisu kile zaidi kuliko tulivyotazamana.

Kisha mimi, kitinda mimba wako niliyejiona mjuzi, nikaleta mashine ya vicheko vilivyorekodiwa. Nikakwambia, "Mama, umechoka, sasa pumzika." Hukuwa umechoka. Baba alijua, akanyamaza. Kaka na dada walijua, nao wakanyamaza. Ukasema tu, "Haya, mwanangu. Ila hiyo itacheka hata mkiharibu."

Na kweli ilicheka. Kila Jumamosi ulivaa gauni lako la ukumbini, ukatusindikiza hadi mlangoni, ukarudi sebuleni. Tuliliona gauni, tukajitia hamnazo. Ulipoanza kuugua tulikuwa safarini na mashine yetu. Aibu hiyo tunayo mpaka leo.

Tulipotoka kukuzika tuliizima mashine ile. Siku hizi tukiharibu, watu hawacheki, na tunastahili.

Mwezi uliopita mjukuu wako aliuliza, "Bibi alikuwa anachekaje?" Baba akajaribu, ikatoka kwikwi. Dada akajaribu, akaishia kulia. Tuna vicheko tele vya watu tusiowajua. Chako, Mama, hatukukirekodi hata mara moja.

Tusamehe.

Unakumbukwa na mumeo, Suruali Pana. Wanao watatu, mimi nikiwa wa mwisho kwa kuzaliwa na wa kwanza kwa kosa. Mkweo mpiga ngoma. Mjukuu wako ambaye bado anasubiri jibu. Na kikundi kizima.

Hatutakusahau kamwe, Mama.