Aliyemwelekeza Mzee Tobiko

Endabash, Karatu
9 Juni 2024

Mpendwa Shangazi Bernadina,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje, na Songea mvua zimekatika? Huku baridi imeanza kweli, mama anaota moto jikoni kutwa. Maharage ya ngwara tumeshavuna, na wote tu wazima wa mwili.

Roho yangu ndiyo haiko sawa. Nataka usikie kwangu kabla hujasikia kwa watu: uchumba wangu na Valeriani umevunjika.

Kazi yetu unaijua. Tunazungukia mashirika madogo ya Karatu na Ngorongoro, tukiyasaidia yafaidike na kompyuta yalizopewa na wafadhili. Shirika mojawapo linawahifadhi mabinti waliokimbia kuozwa. Taarifa zao zilikuwa zimetapakaa, nyingine kwenye simu za watu, nyingine kwenye mafaili. Binti akiugua, hakuna anayejua alitibiwa nini mwanzo. Mimi na Valeriani tukaziweka zote kwenye mfumo mmoja wenye nywila. Yeye ndiye aliyewafundisha wafanyakazi kwamba mahali anapoishi binti haambiwi mtu, hata ndugu wa damu.

Mmoja wa mabinti hao ni Nashipai wa Malambo, yuko kidato cha pili. Aliishi mjini Karatu kwa mama Zuena, muuza vitenge, nyuma ya duka lake. Siku ya kuandikishwa alikuwa anaogopa kutaja hata jina. Nilikaa naye mpaka akakubali.

Wiki iliyopita baba yake, mzee Tobiko, alitokea pale na wanaume wawili. Mama Zuena alimsukumia binti ndani, akafunga mlango na kusimama mbele yake hadi polisi walipofika. Nami niliitwa. Nikamuuliza mzee amepajuaje. Alinijibu kwa upole kabisa, "Mchumba wako ndiye aliyenielekeza. Ni kijana mwenye heshima."

Nilijipa moyo kwamba labda Valeriani alitishwa. Wala. Nilipomuuliza, hakukana hata kidogo. Alisema mzee alimlilia, akamwonea huruma.

"Baba ana haki ya kujua mwanawe alipo," aliniambia. "Wewe ungekataa, ndiyo maana sikukuambia."

Kumbe siku aliyompa mzee habari hizo, jioni yake alikuja kwetu, akala ugali na mama, akatania kuhusu harusi. Hapo ndipo ninaposhindwa kulala, Shangazi.

Wewe ndiwe uliyesimama kwa ajili yangu siku ya posa. Ndugu zake watakupigia wakiomba suluhu. Nakuomba usinikubalie chochote. Pete nimeshairudisha.

Shirika limemwondoa Valeriani kwenye mfumo, mimi wameniomba niendelee. Nilipokwenda kumwona Nashipai kwenye kituo cha polisi, hakulia. Aliniuliza tu, "Dada, si ulisema hatajua mtu?"

Niliporudi ofisini nikawaambia nitaendelea na kazi, ila wanifungie nami sehemu inayoonyesha mabinti wanapoishi. Wakafunga nikiwa nimekaa palepale. Nashipai amehamishwa, anasoma. Aliko sikujui.

Mama anakusalimu sana. Nisalimie kaka Yohani na wanawe, na dada Angelina ukimwona kanisani. Mungu akuponye mgongo huo, akuzungushie watu wa kweli.

Mwanao anayekupenda siku zote,
Emiliana