Kesho Nitaulizwa Kama Ninasadiki

Jumamosi, jioni. Mvua imekatika lakini mabati bado yanadondosha. Ni mwezi wa nane tangu nitoke mji wetu wa Kiwanja, na leo moyo wangu haujakaa hata kidogo.

Kesho, kwenye misa ya kwanza, padri ataniuliza mbele ya watu kama ninasadiki. Nitakuwa nimesimama karibu na mtoto wa Paluku. Jibu linalotakiwa ni neno moja.

Sina.

Paluku alikuwa jirani yangu na rafiki yangu. Siku watu walipokimbia vita, alitutanguliza: mimi, mke wake Kahindo, na mtoto wao Mumbere, aliyekuwa bado hajakaza shingo. Alisema anafunga depo ya maharagwe kisha anatufuata kwa pikipiki. Hajafika mpaka leo. Kahindo anasema yuko hai, ng'ambo ya mstari wa vita. Mimi simwambii ninachofikiri.

Jumatatu Kahindo anapanda boti kwenda Bukavu kwa dada yake, maana hapa Goma kila wiki watu wanasema mji utaanguka. Hataki kuvuka ziwa na mtoto ambaye hajabatizwa. Tena anataka Mumbere awe na parrain, baba wa ubatizo, mwanaume ambaye, mama akianguka njiani, atasema: huyu ni wangu. Wajomba wa mtoto wametawanyika. Wengine wako Beni, wengine Uganda, mmoja hatujui kama anaishi. Mwenye ubatizo na kipaimara aliyebaki karibu ni mimi. Nikikataa, kesho hakuna ubatizo.

Alhamisi mkatekista alitufanyisha mazoezi, sisi wazazi na maparrain. Kwanza aliuliza, "Mnamkataa Shetani?" Nilijibu kwa nguvu mpaka mama mmoja akageuka kuniangalia. "Na mambo yake yote?" Nikajibu tena, kwa sauti ileile. Hapo sikuhitaji kufundishwa. Mambo yake nimeyaona kwa macho, najua hata harufu yake.

Halafu akauliza, "Mnamsadiki Mungu, Baba Mwenyezi?"

Wenzangu wakajibu. Mimi mdomo ulifunguka, hakikutoka kitu. Mkatekista alifikiri nimesahau. "Papa, ni neno moja tu," aliniambia. "Hata watoto wa komunyo wanalijua." Watu wakacheka, nami nikacheka.

Baadaye nilimsaidia kupanga mabenchi. Nikamuuliza, "Na mutu akiwa hasadiki, afanye nini?"

"Asadiki," alisema. Alipoona sicheki, akaweka benchi chini. "Sikiliza, Mbusa. Ile imani ni ya Kanisa. Weye unaiazimisha mudomo tu. Uje na shati safi."

Nimelibeba jibu hilo siku mbili. Haliniingii.

Imani yangu sikuitupa. Hilo nataka kuliandika sawasawa, kwa sababu wako watakaosema nilikuwa na kiburi, au nilichagua njia yangu. Katika kukimbia tulilala Kalengera, kwenye nyumba ya watu tusiowajua. Tuliimba na kusali jioni nzima. Nyumba ya pili nao waliimba, wimbo uleule, na sauti zao zilikuwa nzuri kuliko zetu. Bomu lilianguka kwao. Asubuhi watu wetu walipiga magoti wakisema Mungu ametuokoa, nami nilisema hivyo pamoja nao, na nilimaanisha. Siku ile bado nilikuwa nayo.

Ilikuja kuondoka huku Goma, polepole. Siku moja nilikuwa napasua mawe nikagundua kwamba sijasali wiki nyingi, na sijasikia pengo lolote. Niliogopa sana. Nikaanza kuitafuta. Nilikwenda misa kila asubuhi kabla ya kazi. Nilifunga. Nilikwenda na kwenye kikundi cha maombi, wakaniwekea mikono kichwani wakapaza sauti. Nilitaka kusadiki kama mtu mwenye njaa anavyotaka kula. Kutaka kulikuwapo. Kusadiki hakukuja.

Leo asubuhi nilimwambia Saidi. Saidi tunapasua naye mawe ya volkano ya kujengea, ni Mwislamu, mtu wa hapahapa Goma, na mdomo wake haufungwi. Alichukua jiwe akaliweka mbele yangu.

"Ukiamini mpaka jioni kama hili jiwe ni mukate, nakupa mbuzi."

"Huna mbuzi, Saidi."

"Basi amini kwanza kama niko naye!"

Tulicheka mpaka bosi akatupigia filimbi. Halafu Saidi alishika nyundo yake na kusema polepole, "Mimi nilipelekwa muskitini mbele nijue kuvaa suruali. Sikuchagua kitu. Nilikuta kiko ndani, kama damu. Kama siku moja nitaamka hakiko, sijue nitakitafuta wapi."

Sikutarajia neno hilo kwake. Tulipasua mawe mpaka mchana.

Tulipotoka kazini nilipanda mpaka mtaa wa Mapendo, kwa Kahindo. Analala kwenye chumba kimoja na mama mkubwa wake. Nilimkuta anapiga pasi kanzu nyeupe ya Mumbere kwa pasi ya makaa, anainua, anapuliza, anarudia. Mtoto aliponiona alinyoosha mikono. Nikamshika. Nikamwambia mama yake ukweli huku mtoto akinivuta sikio, maana niliona nikingoja nitashindwa.

Kahindo hakuacha kupiga pasi. "Umeanza kunywa?"

"Hapana."

"Umeingia kanisa ingine?"

"Sijaingia popote."

"Alors, unasadiki nini?"

"Sijue, Kahindo. Naona hakuna kitu."

Hapo aliweka pasi. "Mbusa, mutu anaweza kukosa nyumba. Anaweza kukosa chakula, tunakikosa. Lakini kukosa hata Mungu, ni umasikini wa namna gani huo?"

Alikuja akanitoa mtoto mikononi.

"Basi chagua kusadiki kesho tu," alisema. "Misa ikiisha unaacha. Jumatatu niko ndani ya boti, sitakuona. Ni asubuhi moja ninakuomba."

"Haiwezekani hivyo. Sema weye: unaweza kuchagua leo kuamini kama Paluku amekufa?"

Nilijuta neno lile kabla halijamaliza kutoka. Mama mkubwa, aliyekuwa anachambua maharagwe kwenye kona, alisema, "Eeh, Mbusa," basi. Kahindo alimweka mtoto mgongoni akamfunga, akakaza kitenge mara mbili.

"Hapana," alisema mwishoni. "Siwezi."

Kisha akasema, "Na hata wakiniletea nguo zake, sitaweza."

Akaniambia niende. Hakuniambia kwa hasira. Alisema misa ni saa moja, na kama sitaonekana mlangoni atajua.

Tangu nirudi hapa chumbani nageuza jambo moja. Mimi ni mwongo wa siku nyingi. Kwenye kila barrière, kila kizuizi cha wenye bunduki kati ya Kiwanja na hapa, nimedanganya: jina, kabila, ninakotoka, ninakoenda. Niliwaita wakubwa wangu watu ambao ningewatemea mate. Kahindo mwenyewe namdanganya kila tunapomtaja Paluku, nasema "atakuja". Hakuna uongo hata mmoja ulionikosesha usingizi. Kwa nini huu unanishinda? Kama sisadiki kwamba kuna anayesikia kule altareni, namwogopa nani?

Jioni nzima nimefikiri huenda hofu hii ndiyo mkia wa imani, umebaki mlangoni wakati mwili umeshatoka. Ingenifurahisha. Lakini nikijipima kwa ukweli, ninayemwogopa ni Mumbere. Neno lile silisemi kwa ajili yangu. Yeye hana mdomo wa kujibu, mimi ndiye mdomo wake. Atakuja kukua, atauliza nani alimshika siku ya ubatizo na alisema nini. Sitaki kitu cha kwanza kilichosemwa kwa jina lake mbele ya watu kiwe uongo wa barrière.

Na siwezi kumwacha bila mtu.

Hapa ndipo nilipofika. Kusadiki sikupewa kuchagua, wala Kahindo hakupewa kuacha. Lakini kwenda au kutokwenda, hilo liko mikononi mwangu. Nitakwenda kabla ya wote, nimtafute padri anapovaa, nimwambie: "Padri, kumkataa Shetani nitakujibu kwa moyo wote. Mtoto huyu nitamlea kama wangu, hilo pia naapa. La katikati sina, na sitalidanganya. Amua wewe." Akikubali, nitasimama. Akikataa, nitatoka na kumwambia Kahindo mimi mwenyewe, pale mlangoni, mbele ya kanzu ile nyeupe, na atavuka ziwa akinichukia. Nitaendelea kuwa mtu wa Mumbere hata bila maji kichwani kwake, Kahindo akitaka, asitake. Lakini najua kwake haitakuwa kitu kimoja.

Shati nimelifua, nimelianika juu ya jiko.

Kama njia haijafungwa, nitakuwa nimerudi hapa kabla ya saa sita mchana. Nitakuwa baba wa mtoto mbele ya kanisa, au mtu aliyemnyima mjane ombi moja. Neno "mjane" limenitoka. Nimeliacha, kwa sababu hapa sikutaka kudanganya.