Kitufe cha Ndani, Mara Ishirini na Tatu

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa katika chumba cha upelelezi, Ijumaa, kuanzia saa nne na robo asubuhi.

Jina langu ni kama lilivyo kwenye kitambulisho nilichomkabidhi afande. Kazini wananiita Bi Anwani, na nimeshazoea. Umri wangu ni miaka thelathini na minne. Mimi ni fundi wa mifumo ya kompyuta katika bohari ya dawa. Naishi kwa shangazi yangu, nyuma ya kiwanda cha magodoro, tangu nikiwa na miaka tisa. Shangazi huyo ndiye mtunza stoo wa bohari hiyohiyo, na ndiye aliyefungiwa kwenye chumba cha baridi. Nimekuja kwa miguu yangu. Sikuitwa.

Mnamo siku ya Jumanne, saa nne na dakika thelathini na sita asubuhi, shangazi aliingia chumba cha baridi cha jengo la zamani kuhesabu maboksi ya chanjo zinazotunzwa zikiwa zimeganda. Mlango ulimfungukia kama kawaida. Mlango ule hujifunga wenyewe, na aliye ndani hutoka kwa kubonyeza kitufe. Kishikio cha chuma kilikuwepo zamani, kikavunjika, tukaweka kitufe. Kitufe hicho, pamoja na kadi za nje, vyote vinapitia kwenye kompyuta yangu.

Dakika sita baadaye, yaani saa nne na dakika arobaini na mbili, nilikuwa ghorofani nikihamisha jengo la zamani kwenye toleo jipya la programu kuu. Afande ameniuliza programu kuu ni nini. Ni ile inayoendesha milango, taa na mitambo ya baridi. Haifanyi kila kitu yenyewe, inaita programu ndogondogo tunazoziita plagini. Ipo ya taa, ipo ya baridi, ipo ya milango. Kila plagini ina anwani ya sehemu tatu: ghala la mtandaoni inakotoka, aliyeitengeneza, na jina lake. Afande amesema, "Kama barua: mji, mtaa, jina." Nimemwambia ndiyo, kama barua.

Watu ni wavivu, afande, na mimi nimo. Hakuna anayependa kuandika sehemu zote tatu. Mtu anaandika "milango", basi. Kwa hiyo kuna kipande cha programu kinachosoma anwani na kuinyoosha, yaani kinajaza kilichokosekana. Kipande hicho nilikiandika mimi, na jina la utani nililipatia hapo. Kumbukumbu za majengo ya zamani zina anwani za ajabu zaidi. Mahali pa mtengenezaji pana kistari tu, maana yake hajulikani. Mwanzoni kipande changu kikikuta kistari kilisimama na kuuliza, "Hii ni ya nani?" Kikakataa kusogea mpaka mtu ajibu.

Meneja alichoka na lile swali. Akaniambia, "Linatuchelewesha bure. Wewe jaza tu." Nilibisha siku mbili, siku ya tatu nikachoka na mimi. Nikalitoa swali. Nikaandika kwamba ukikuta kistari, chukua yenye jina hilo kwenye ghala la umma la mtandaoni, ambako yeyote huweka zake. Hakunishika mkono. Niliandika mwenyewe nikiwa na akili zangu timamu, nikaenda kula.

Plagini ya milango ya jengo la zamani ilitengenezwa palepale bohari, kwenye karakana yetu, na fundi aliyenitangulia. Siku ile ya Jumanne kipande changu kilikuta kistari, kikanyoosha anwani, kikaleta "milango" nyingine kabisa, ya mtu nisiyemjua, aliyeitengeneza kwa milango ya aina nyingine. Si mwizi, wala si mhalifu. Kwake yeye moja ni kufunga na sifuri ni kufungua. Kwetu ilikuwa kinyume, kwa hiyo kila amri ya kufungua ilisomwa na kuandikwa kama kufunga. Skrini iliniandikia "tayari", kwa rangi ya kijani, nikabofya ndiyo.

Saa tano na dakika arobaini mlinzi wa zamu alipita kwenye korido akasikia mlango unagongwa. Alitelezesha kadi yake. Alirudia, mara saba kwa jumla. Saa tano na dakika hamsini akanipigia simu. Alisema, "Dada, mama wa stoo yuko ndani na mlango haufunguki." Niliangalia skrini, ambayo huonyesha kadi peke yake. Nikaona kadi ya mlinzi, funga. Kadi ya mlinzi, funga. Mara saba. Nikamwambia, "Mbona ni wewe unayefunga? Acha masihara yako." Akasema, "Nafungua, dada. Wallahi nafungua." Nikamjibu, "Naona kwa macho yangu unafunga," nikamkatia simu.

Meneja alikuwa amesimama nyuma yangu. Alisikia kila neno. Hadithi kwamba mlinzi alimfungia shangazi ilianzia kwenye mdomo wangu, afande. Mimi ndiye wa kwanza kumshutumu.

Ni kweli walikuwa na ugomvi. Wiki iliyotangulia shangazi alimsemea kwa uongozi kuwa analala zamu, na mlinzi akamwambia mbele za watu, "Ipo siku utaniita nikufungulie, utanikuta nimelala." Watu walicheka. Hata shangazi alicheka. Sasa hakuna anayecheka.

Saa sita na dakika tano mlinzi alipiga tena. Aliisogeza simu mlangoni nikamsikia shangazi. Sitaki kuandika nilichosikia. Niliiambia programu irudishe kila kitu kama kilivyokuwa. Ikanijibu kwamba hakuna kilichobadilika. Kwake milango ni milango. Nikajaribu tena, jibu lilelile. Nikakosea neno la siri mara mbili. Mwishowe nikaandika anwani yote kwa mkono, ghala letu, karakana yetu, milango. Saa sita na dakika ishirini na moja mlango ukafunguka. Mlinzi ndiye aliyembeba shangazi mgongoni mpaka kwenye gari, maana sisi wengine tulikuwa tumesimama kama magogo.

Jioni ile polisi walimchukua mlinzi kwa sababu ya karatasi ambayo meneja aliwachapishia. Karatasi ile ina mistari ya kadi peke yake. Mistari ya kitufe cha ndani haimo. Mimi ninayo yote, na naikabidhi hapa, kurasa nne. Naomba afande asome ukurasa wa pili. Kuanzia saa tano na dakika mbili kuna mstari unaosema "kitufe cha ndani, funga". Upo mara ishirini na tatu. Huyo ni shangazi yangu. Ikiwa karatasi hii inasema kweli kuhusu mlinzi, basi inasema kweli pia kwamba mwanamke wa miaka hamsini na tisa alijifungia mwenyewe kwenye baridi, mara ishirini na tatu. Nani anaweza kuamini hivyo?

Mwanzoni alibonyeza kila baada ya dakika moja. Halafu dakika tatu. Halafu sita. Kitufe kile hakipokei kidole chenye glavu, kwa hiyo alivua. Mstari wa mwisho ni wa saa sita na dakika kumi na nne. Niliusoma Jumanne hiyohiyo saa tisa alasiri, nikaelewa kila kitu, nikafunga kompyuta nikaenda hospitali. Sikumwambia mtu. Jumatano sikusema. Jana sikusema.

Afande ameniuliza kwa nini. Niliogopa. Hakuna jibu jingine. Shangazi alilala amefungwa bandeji mikono yote miwili, nikawa namnywesha maji kwa mrija, akaniambia, "Nilimwona kwenye kioo cha mlango. Alikuwa ananionyesha kadi, ananikoga." Mlinzi alikuwa anamwonyesha kuwa anajaribu. Nilijua, nikanyamaza, nikamfuta mdomo. Jana asubuhi madaktari walimkata shangazi vidole vitatu vya mkono wa kulia. Meneja alinipigia akasema, "Usijitie kitanzi, mdogo wangu. Wewe sema tu ulichokiona kwenye skrini." Na hilo ndilo linalonikaba. Nikisema nilichokiona kwenye skrini, sijadanganya hata neno moja, na yule baba atafungwa.

Kaka yangu yuko nje ya geti la kituo hiki tangu jana, na binamu wawili, kuhakikisha mlinzi hapewi dhamana. Nilipofika leo alinishika bega akasema, "Kaza dada, usimwachie." Nikapita.

Hapa afande amenisimamisha. Amenionya kwamba ninayoyasema yanaweza kutumika dhidi yangu, na kwamba nina haki ya kunyamaza na kumwita wakili. Nimemwambia nimeshanyamaza siku tatu, inatosha. Ameandika hivyo.

Mlinzi hakumfungia shangazi yangu. Alikuwa anamfungulia. Aliyemfungia ni mimi, kwa kipande nilichokiandika na swali nililolitoa. Sikukusudia, lakini nilijua kwamba kubahatisha kuna hatari, ndiyo maana mwanzoni niliweka swali.

Nimesomewa niliyosema tangu juu mpaka hapa. Ni yangu yote, hakuna aliyenitisha wala kunituma, na nisingependa neno lolote lilainishwe.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi, na dole gumba)

MAELEZO YA AFISA ALIYEANDIKA: Nimepokea kurasa nne za kumbukumbu na kuzitia alama. Nimehesabu mistari ya kitufe cha ndani, ni ishirini na tatu. Mkuu wa kituo ameamuru mlinzi aachiwe, ametolewa saa nane mchana kwa mlango wa nyuma kwa usalama wake. Shahidi sasa ni mtuhumiwa na ameelezwa hivyo. Aliomba azungumze na ndugu yake kabla ya kuingizwa mahabusu, nikamruhusu dakika tano getini, mbele yangu. Alimweleza ndugu yake yote kwa maneno machache. Ndugu yake akauliza nani atakayemwambia shangazi. Mtuhumiwa alisema asiambiwe na mtu mwingine, atamwambia mwenyewe jioni akienda kumnywesha maji. Nilimkumbusha kwamba jioni atakuwa hapa.