Uji wa Soya na Fukuto la Alasiri

Kirongwe,
Mafia.
12 Septemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Hafidha,

Assalaam aleikum. Natumai joto la huko Maskati limeanza kupoa na goti lako limepona. Sisi huku wazima, ila nyumba imekuwa kubwa.

Mzigo wako ulifika zamani, unisamehe kuchelewa. Vidonge vya soya nimeviweka. Bi Warda, muuguzi wa zahanati, alipokuja kunipa pole alisema nisivimeze mpaka daktari avione, kwa ajili ya presha yangu. Ule unga wa soya alisema nipikie uji tu, ni chakula kama maharage. Wengine huwapunguzia fukuto, hili joto la ghafla, wengine hauwasaidii. Akaniuliza umri na hedhi. Nikamwambia hamsini na moja, na hedhi imekoma tangu mwaka jana. Akacheka kidogo, akasema ni wakati wangu tu.

Sikumweleza yote. Wewe nakueleza.

Fukuto langu lilikuwa haliji ovyo. Lilikuja alasiri, saa ambayo marehemu Amour alikuwa akirudi kutoka shamba. Unakumbuka alivyokuwa akinawa pipani, hajifuti, ananishika shingo kwa nyuma na kuniuliza nimeshindaje. Joto lilianzia hapo hapo, kisha maji yakateremka mgongoni. Na paka wake, aliyekuwa halali ila miguuni pake, huamka akasogea pembeni ya mkeka, kama anayempisha mtu.

Kabla sijaanza uji, wifi Kidawa alikuja saa hizo. Akasimama mlangoni, akavuta pumzi.

"Nusra, kaka yangu hana hata miezi miwili kaburini, nawe unajifukiza udi?"

Nikamwapia. Mwenye eda hagusi manukato, na chetezo nimempa jirani tangu matanga. Akanusa kanga yangu, nywele, mto. Hakuna kitu. Akaketi karibu yangu mkekani, pale paka alipopisha, mara akanyanyuka, akaiacha chai yake. Siku hizi huja asubuhi tu.

Uji niliunywa kila siku kwa wiki nane, nikiutia tangawizi kuua ile harufu ya maharage mabichi. Umenifaa, Hafidha. Fukuto likawa la siku moja moja. Wiki iliyopita nilikaa mkavu mpaka magharibi, siku tatu mfululizo. Paka alitazama mlango, akalia.

Nilipaswa kushukuru. Nami nikalia.

Tangu juzi sijaunywa. Umebaki unga wa kikombe kimoja, nimeufunga usiingie wadudu. Nakuomba usinitumie mwingine mpaka eda yangu iishe. Imebaki kama mwezi mmoja, basi. Baada ya hapo nitakunywa, nakuahidi. Usimwambie Kidawa.

Nisalimie shemeji Zahor, na Muna umbusu kwenye kipaji cha uso. Mwenyezi Mungu awafunike kwa rehema zake, na marehemu wetu amlaze pema.

Niishie hapa. Alasiri imeadhiniwa, na paka amekwisha kusogea.

Dada yako akupendaye,
Nusra