Makofi kwa Fundi

Jumatatu, 10 Juni

Leo nimeharibu. Mazoezi ya kufundisha watu wazima ndiyo kwanza wiki ya pili, na mimi miaka yote nimezoea chekechea. Fundi mwashi, mzee wa umri wa baba yangu, kasimama ubaoni akasoma "maji" – peke yake, bila kusaidiwa! Furaha ikanipanda kichwani. Nikasema haya, wote tumpigie makofi matatu, pa, pa, pa! Tena nikamwita mtoto mzuri. Mtoto mzuri! Wengine wakacheka. Fundi akaweka chaki mezani polepole, akachukua kofia yake, akaniaga kwa adabu, akatoka.

Jumanne, 11 Juni

Hakuja. Mkufunzi wetu kaniita ofisini. Anasema kuna makofi ya pongezi na makofi ya shavuni, na mzee wa watu nimempa ya shavuni. Anasema mtu mzima haachi masomo, anamwacha mwalimu. Ijumaa anakuja kunikagua. Akikuta kiti cha fundi kitupu, tutaongea kama kazi hii naiweza. Nikajibu sawa, mama. Nikaenda kulia chooni.

Jumatano, 12 Juni

Heri ningebaki nyumbani. Nimekwenda mpaka anapojenga, nimwombe radhi. Yeye juu ya mbao anapiga plasta, vibarua wake chini wanachanganya mchanga na saruji. Nikamwamkia, akaitika vizuri tu. Halafu mdomo wangu huu! Nikasema mbele ya wote: mzee, mbona hatukuoni darasani?

Makoleo yakasimama. Kibarua mmoja mwenye ndevu akauliza, "Darasa gani tena, bosi?" Wakaangua kicheko, huyo wa ndevu zaidi ya wote.

Fundi hakunitazama. "Binti," kasema, "umenifananisha." Akaendelea na ukuta wake.

Kumbe alikuwa anawaficha. Nilitaka kumtia wanja, nimemtoa jicho. Chuoni tulifundishwa kutunza siri za wanafunzi – nadhani siku ile nilikuwa nachezea simu. Najichukia.

Ijumaa, 14 Juni

Naandika hapahapa darasani, wao wananakili sentensi ya ubaoni. Mkufunzi yuko nyuma, anadhani naandika maendeleo yao.

Fundi hakuonekana. Lakini muda si mrefu kaingia yule kibarua wa ndevu, suruali imejaa saruji. Akaninong'oneza: mwalimu, na mimi niandikishe, ila tafadhali, yule mzee asijue. Kiti kitupu kilikuwa kimoja tu, cha fundi, akakikalia. Mkufunzi kuona kiti kimejaa, akadhani ndiye fundi, akatabasamu. Nimemwacha atabasamu, Mungu anisamehe.

Mtu anapiga hodi. Sauti naijua! Ni fundi.

Kibarua naye kaijua. Kainamia dawati, kichwa chote kakifunika kwa mikono.

Hodi tena, taratibu, kama mtu aliye tayari kugeuka.

Nikisema karibu, namwaibisha huyu. Nikinyamaza, yule anaondoka, na safari hii harudi tena. Naweka kalamu, naenda kumpokea mwenyewe nje ya mlango.