Kulia Msiba wa Watu

Alhamisi, Machi 1984. Mawingu tangu alfajiri. Mvua imekataa kunyesha na imekataa kuondoka.

Kwa masikitiko makubwa natangaza kifo cha kandambili yangu ya kushoto, kilichotokea leo asubuhi kwenye matope ya njia ya Runzewe. Marehemu alikatika mkanda ghafla, hakuugua. Ameacha mwenzake wa kulia, ambaye hali yake si nzuri.

Nilimaliza safari miguu mitupu, tita la kuni kichwani, nikienda msibani kwa mzee ambaye sikuwahi kumwona akiwa hai.

Mwaka huu sijakosa msiba hata mmoja. Watu wanasema Mama Doto ana moyo wa watu. Wangejua.

Nilijifungua mapacha mwaka jana, wakati wa kuvuna pamba. Kulwa alitangulia, Doto akafuata. Kulwa akafa kabla hajaota jino. Waliokuwa wakiniita Mama Kulwa wakaanza kuniita Mama Doto, bila hata kikao.

Mama mkwe, ambaye namwita mayu kama Wasukuma tunavyoita mama zetu, aliniketisha siku ileile. Pacha haliliwi, akasema. Ukimlilia aliyeondoka, unamwonyesha njia aliyebaki. Mume wangu alisikia, akainamisha kichwa, kesho yake akarudi Geita kuchimba dhahabu. Nilimwonea wivu. Yeye ana shimo la kuingia.

Mimi sikulia.

Kisha vitu vikaanza kunipotea: kwanza usingizi, halafu ladha ya chakula, halafu Doto. Si kwamba hayupo. Yupo, tena mnene. Ila nikimtazama simwoni yeye, naona nafasi iliyo kando yake. Juzijuzi alikaa juani kwenye mkeka mpaka akaiva uso, nami nimekaa palepale, namwangalia. Mayu ndiye aliyekuja kumnyanyua.

"Mama Doto, uko wapi?"

"Niko hapa, mayu."

"Mwili nauona."

Tangu siku hiyo Doto analala kwake. Hajasema kwamba atamchukua moja kwa moja. Hajasema pia kwamba hatamchukua.

Ndiyo maana naenda misibani. Kule kulia si kosa, kosa ni kukaa na macho makavu. Namwacha Doto nyumbani asisikie, namlilia marehemu wa watu kwa jina lake mwenyewe, na jina lingine silitaji hata moyoni. Nikirudi, kwa siku moja hivi, naweza kumnyonyesha na nikamwona uso.

Hila ilikuwa nzuri. Leo imeniumbua.

Kosa ni la marehemu, alikuwa mzee mno. Ameacha vitukuu, na watu walishamaliza kumlilia akingali hai. Chai ilikuwa na sukari, jambo lililowavuta wengi kuliko yeye. Wanawake walikuwa wamekaa chini wanasimuliana nani kapata khanga za mgawo na kazipataje, nami nikaingia na kilio changu chote, nikajitupa sakafuni. Nilipoinua uso, nyumba nzima ilikuwa kimya. Wananitazama mimi.

Binti wa marehemu, mtu mzima mwenye mvi, akanisogelea.

"Samahani, mama. Baba alikuwa nani yako?"

Nikasema, "Alikuwa mtu mwema."

Sidhani kama lilikuwapo jibu baya zaidi ya hilo. Mtani wa marehemu alikuwa amesimama mlangoni, amevaa koti la mzee na kushika fimbo yake, anamwigiza anavyotembea. Akaipiga fimbo chini.

"Kumbe! Ndiyo maana kila jioni alikuwa anaaga anakwenda kutafuta ndama! Haya watoto, msalimieni mama yenu mdogo!"

Watu wakaangua kicheko.

"Na wewe mama mdogo, punguza sauti. Ukimwamsha, chai haitatosha!"

Mjane, ambaye macho yake hayaoni vizuri, alimwuliza jirani yake kama mimi ni mnene au mwembamba. Hakucheka.

Niliondoka kabla ya ugali. Mimi nilirudi kwa miguu. Habari ilirudi kwa baiskeli.

Nilimkuta mayu uani anabangua karanga, Doto mgongoni. Hakuinua kichwa.

"Wanasema yule mzee alikuwa bwana wako."

"Si kweli, mayu."

"Najua. Tangu mwaka juzi alikuwa haendi hata chooni bila kushikwa." Akapuliza maganda. "Sasa ulikuwa unamlilia nani?"

Nikafungua mdomo.

"Usiniambie," akasema haraka. "Nikijua, itabidi nikukataze."

Akamfungua Doto, akaniwekea mapajani. Kisha akageuka, akaendelea na karanga zake akiwa amenipa mgongo. Akasema bila kugeuka, "Leo atalala kwako."

Kwa hiyo hapa ninapoandika, kabla giza halijaingia vizuri, Doto yuko kando yangu anatafuna pindo la khanga. Namwona. Masikio ya baba yake, kovu la chanjo, kamasi. Hakuna nafasi kando yake, ni mkeka tu.

Lakini najua hali hii haikai.

Uvumi wa bwana wangu marehemu utafika Geita, sina shaka, na mume wangu atapanda gari aje aniulize. Aje tu. Nimeamua na mimi nitakuwa na swali langu: kule chini shimoni, ambako sheria ya mama yake haifiki, huwa analia? Kama analia, anichukue na mimi siku moja.

Hadi aje, sijui nitafanyaje. Mzee wa upande wa kisimani, tuliyedhani hamalizi wiki, leo ameomba nyama. Nimeulizia hadi Katoro, wote ni wazima.

Kesho hakuna msiba.