Spika Mbili za Boksi la Baba

Jumatatu, 4 Agosti

Asubuhi kumwagilia bamia, kama kila siku ya likizo. Mimi mfereji wa juu, Baba mfereji wa chini. Baada ya chai, kitabu. Jioni Baba alitoa gitaa na boksi lake la spika uani akafanya mazoezi.

Boksi linakoroma. Lina spika mbili, na ya kushoto ndiyo mgonjwa. Kila nota nzito inatoka na mkwaruzo. Nilibonyeza koni yake, ile karatasi ya mbele, polepole kwa vidole. Inasugua ndani. Koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, imeungua au imepinda. Spika hiyo imekwisha.

Baba alisema labda ni vumbi. Anajua si vumbi.

Kilonzo alipita. Ndiye kiongozi wa bendi na ndiye mwimbaji. Baba hupiga solo. Kilonzo alikuja na kijana anayeitwa Brian, mwenye kinanda cha umeme. Kilonzo alisikiliza kidogo akacheka. "Musyoka, hilo boksi lina kifua kikuu! Lipeleke hospitali."

Kisha akaacha kucheka. Jumamosi kuna ntheo Kambu. Bwana harusi anapeleka mbuzi kwa kina msichana, na bendi imealikwa. Alhamisi watafanya mazoezi hapa kwetu. Gitaa lisiposikika vizuri siku hiyo, Brian atazipiga sehemu za solo kwa kinanda. Jumamosi, na kuanzia Jumamosi.

Baba alisema, "Sawa." Basi.

Nina hasira. Amepiga solo katika bendi hiyo tangu kabla sijazaliwa.

Jumanne, 5 Agosti

Baba amesema nichague mimi spika mpya. "Mwaitu, wewe ndiye unasoma hivi vitu." Huniita Mwaitu, mama yangu, kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Akiniita hivyo siwezi kukataa. Nadhani analijua hilo.

Nimesoma siku nzima. Kitabu cha fizikia, sura ya umeme. Kurasa nilizohifadhi kwenye simu ya Mama. Nyuma ya amplifaya ya Baba imeandikwa isipewe mzigo wa chini ya ohm nne. Spika nzima iliyobaki ni ya ohm nane. Nane na nane zikiunganishwa sambamba zinakuwa nne. Kwa hiyo mpya lazima iwe nane. Nikiweka ya nne, amplifaya itachemka hadi iungue, na hapo tutakuwa hatuna chochote.

Hesabu hiyo nimeirudia mara nyingi. Jibu ni lilelile. Bado naogopa.

Kilonzo alimpigia Baba simu: nunueni spika ya disko, ile ya sumaku kubwa. Nafikiri amekosea. Spika ya disko ni ya besi. Koni yake ni nene, inataka nguvu nyingi ndiyo isogee. Gitaa la solo linataka koni nyepesi ya karatasi, inayoshtuka haraka. Muziki wetu wa benga bila mshtuko huo ni kama chai ya jana.

Lakini mimi ni nani? Sijawahi kubadilisha spika yoyote. Darasani hata jibu ninalolijua huwa silisemi.

Jumatano, 6 Agosti

Nilienda mjini Sultan Hamud na Baba. Duka la Mama Halima, anayeuza vyombo vya muziki vilivyotumika. Spika zimepangwa sakafuni kama sufuria. Baba alisimama mlangoni akajifanya anaangalia barabara. Aliniachia kazi yote.

Zilikuwepo mbili za ohm nane za kutosha tundu la boksi letu. Moja ya disko, nzito, sumaku kama jiwe la kusagia. Nyingine ya gitaa, ya zamani, koni ya karatasi ya kahawia. Nilibonyeza koni za zote mbili, sikio karibu. Hakuna mkwaruzo. Niligonga karatasi kwa kidole. Ilijibu kama ngoma ndogo.

Mama Halima akainama karibu yangu. "Binti, unanunua spika au unampima mtoto homa?"

Baba alicheka kule mlangoni. Nilionyesha ya kahawia kwa kidole.

"Hiyo ni nyepesi," Baba alisema.

"Ndiyo."

"Kilonzo alisema ile nzito."

"Ndiyo."

Akalipa. Njia yote nilikuwa nimeipakata. Nilijuta, kisha sikujuta, kisha nilijuta tena.

Jioni nilitoa spika iliyoungua, nikasafisha tundu, nikafunga mpya kwa skrubu zilezile. Baba alishika taa nikalehemu nyaya. Kila spika ina alama ya chanya na hasi. Nilifuata alama. Waya mwekundu kwenye chanya, mweusi kwenye hasi, spika zote mbili. Kazi safi. Giza lilikuwa limeingia na mtoto wa jirani amelala, kwa hiyo hatukujaribu kwa sauti. Baba aligusa nyuzi kidogo tu. Hakuna kukoroma. Alisema, "Vizuri, Mwaitu."

Alhamisi, 7 Agosti

Siku mbaya.

Walikuja wote. Ngoma, besi, gitaa la ridhimu, Brian na kinanda chake. Baba alifungua sauti. Gitaa lilitoka jembamba, kavu, kama redio iliyofungiwa ndani ya kabati. Nota nzito hazipo kabisa. Aliongeza sauti. Ilikuwa kubwa zaidi na bado tupu. Ngoma zikalimeza.

Kilonzo alisimamisha wimbo katikati. Aliliangalia boksi, akaniangalia mimi. "Nani alichagua hii?"

Baba alisema, "Mimi."

Hilo liliniuma kuliko kama angenitaja.

Mpiga besi alisema ni afadhali ule mkoromo, angalau ulikuwa na sauti. Wakacheka. Brian hakucheka. Alipewa sehemu za solo akazipiga bila kosa, kila nota mahali pake. Haikuwa mbaya. Hilo nalo liliniuma.

Baba alichomoa gitaa. Akasema mbele ya wote, "Jumamosi apige kijana. Nimesema." Alilifuta gitaa, akalifunga ndani ya leso ya Mama, akaenda shambani. Saa hiyo hakuna kazi ya shamba.

Nilikataa chakula. Nilichagua vibaya. Nilikuwa na kitabu, nilikuwa na hesabu, na nimemwondoa Baba kwenye bendi kwa mikono yangu. Mama alisema spika ni spika tu. Si spika tu.

Ijumaa, 8 Agosti

Naandika haraka. Mengi yametokea.

Asubuhi niliacha bamia kwa Mama. Nilitaka kuitoa ile spika ya kahawia, sikutaka kuiona. Nilifungua boksi nyuma, nikayeyusha lehemu, nikachomoa waya wake. Kabla ya kufungua skrubu niligusa nyuzi za gitaa, kujua tu iliyobaki inasikikaje peke yake.

Sauti ilijaa uani. Nzito, ya mviringo.

Sikuelewa. Nilirudisha waya wa spika ya kahawia, nikachomoa wa ile ya kulia. Ya kahawia peke yake: tamu, inashtuka, jinsi nilivyotaka. Nikaunganisha zote mbili. Sauti ikafa.

Moja ni kubwa kuliko mbili. Haiwezekani. Niliketi chini.

Kisha nikakumbuka ukurasa mmoja nilioupita Jumanne. Spika mbili lazima zisukume pamoja. Moja ikisukuma hewa nje wakati mwenzake anaivuta ndani, zinauana. Kuna jaribio la betri la kuthibitisha. Niliporuka ukurasa huo nilijiambia alama ziko wazi, jaribio la nini?

Nilitoa betri kwenye saa ya ukutani. Nikaigusisha kwenye spika ya kulia, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Koni iliruka mbele. Nikaigusisha kwenye ya kahawia vilevile, kwa alama zake. Koni ilirudi nyuma.

Nikarudia. Nyuma tena.

Aliyeitengeneza aliweka alama zake kinyume cha wenzake. Kiwandani kwake labda ndivyo ilivyokuwa. Na mimi niliamini maandishi bila kuangalia karatasi inaenda wapi.

Niligeuza nyaya mbili za ile ya kahawia, nikalehemu upya. Basi. Kazi ya dakika chache. Nikamwita Baba. Hakutaka kuja. Mama alimwambia, "Enda tu, hata kama ni kumfurahisha mtoto." Akaja na matope miguuni. Alipiga. Akaacha. Alilitazama boksi kama mtu aliyeitwa jina lake na mgeni. Akapiga tena, macho yamefumbwa.

Nikamwambia ampigie Kilonzo simu. Alikataa. Ameshasema mbele ya watu apige kijana, na neno lake hatalirudisha. Baba yuko hivyo. Alilifunga gitaa tena.

Kwa hiyo nilienda mwenyewe. Kilonzo ana bucha hapa Kibwezi. Nilikuta foleni. Niliwaacha watu wanipite, mmoja baada ya mwingine, hadi nikawa nimebaki mimi tu na mama mmoja aliyekuwa akichagua mifupa. Nilisema yote kwa pumzi moja: kosa lilikuwa la waya, waya niliufunga mimi, umerekebishwa, Baba hajui kwamba nimekuja.

Kilonzo aliweka kisu chini. "Aka! Kumbe huyu huongea? Nilidhani ni bubu."

Yule mama wa mifupa alisema, "Si ujibu mtoto?"

"Jana nimeaibika na hilo boksi, mbele ya kijana mgeni," Kilonzo alisema. "Sasa nifanye hivyo mbele ya wakwe za watu?"

Nilibaki nimesimama pale. Sikuondoka. Nafikiri hilo ndilo lililomshinda.

"Wimbo mmoja," akasema. "Ukiharibika, hiyo mambo imeisha. Na baba yako nitamwambia mimi."

Natamani kesho isije. Natamani ifike sasa hivi.

Jumamosi, 9 Agosti

Kambu. Tumerudi. Nimechoka sana lakini lazima niandike.

Kilonzo alikuja na pikapu akapakia boksi bila kumwuliza Baba. Alimwambia tu, "Musyoka, mimi ndiye nimekuita, neno lako liko palepale." Baba alinitazama. Akapanda.

Mbuzi walipokelewa, wazee wakaongea sana, watu wakala. Brian alianza. Nyimbo za kwanza zote zilikuwa zake. Watu walitikisa vichwa huku wakitafuna. Mimi nilikaa nyuma ya boksi. Nilikuwa nimejaribu kwa betri tena asubuhi, na tena baada ya kulishusha. Niliogopa jenereta, niliogopa nyaya nilizolehemu, niliogopa hesabu ya nane na nane.

Kisha Kilonzo akamwashiria Baba.

Niliweka kiganja kwenye mbao za boksi. Nota ya kwanza iliingia mkononi kabla sijaisikia. Zote mbili zilikuwa zikisukuma pamoja.

Wimbo ulienda polepole, Kilonzo akisimulia habari za familia mbili. Halafu ikafika ile sehemu ambapo mwimbaji hunyamaza na gitaa hukimbia peke yake. Baba alikimbia. Nyanya wa upande wa msichana wakaweka sahani chini wakaja mbele, mabega yakitetemeka. Mmoja alimpita Brian akamwambia, "Wewe wa mashine, kaa kwanza, mguu wangu umempata mwenyewe!" Watu wakaangua kicheko. Brian naye alicheka, kisha akasogea karibu kuangalia vidole vya Baba.

Kilonzo aliinua mkono wa kumaliza wimbo. Aliuweka juu, akawaangalia wale nyanya, akaushusha bila kutoa ishara. Baba akazidi kukimbia.

Uliisha. Nikasubiri. Kilonzo aliinama kwenye maikrofoni akataja wimbo mwingine, akamwangalia Baba. Kisha mwingine. Amplifaya ilikuwa na joto, si moto. Nilikuwa nikiigusa kila baada ya wimbo.

Njiani kurudi hakuna aliyesema lolote kuhusu solo ni ya nani. Kilonzo aliongea habari za nyama. Alipotushusha alisema, "Haya, usiku mwema." Baba alisema, "Haya." Sijui maana yake. Wimbo mmoja uligeuka kuwa mchana mzima, lakini wakubwa hawasemi mambo waziwazi na mimi siwezi kulala nikiwa sijui.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisa. Maharagwe na wali. Mchana joto, kimya.

Simu ya Baba ililia mara moja. Alienda kuipokea chini kule kwenye mfereji, sikusikia kitu.

Sasa ameketi kwenye kigoda nje ya mlango, na kikata kucha cha Mama. Anakata kucha za mkono wa kushoto, ule unaobonyeza nyuzi, kama afanyavyo kabla ya kila mazoezi. Anazikata fupi kabisa, moja moja, akipitisha kidole gumba juu ya kila moja kuona kama imebaki. Za mkono wa kulia, ule unaopiga nyuzi, ameziacha.